Namba ya Utambulisho Inapobashirika

Kwa miongo mingi namba ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, yenye tarakimu 9, ilitolewa kwa mpangilio: tarakimu 3 za mwanzo zilifungamana na jimbo, na 4 za mwisho zilifuatana kwa zamu, hivyo watoto walipoanza kusajiliwa mara tu wanapozaliwa, tarehe na jimbo la kuzaliwa vikawa vidokezo vya namba yenyewe. Mwaka 2009 Alessandro Acquisti na Ralph Gross wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wakitumia orodha ya wazi ya namba za marehemu, walibashiri kwa jaribio moja tarakimu 5 za mwanzo za asilimia 44 ya marehemu waliozaliwa baada ya 1988. Mwaka 2011 serikali ilianza kutoa namba bila mpangilio, lakini waliosajiliwa kabla ya hapo wamebaki na zile za zamani. Kosa zito zaidi, linaloihusu pia Tanzania, ambako namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) huanza na tarehe ya kuzaliwa, ni kuifanya namba inayomtambulisha mtu kuwa uthibitisho, yaani ushahidi kwamba anayeitaja ndiye mwenyewe. Taasisi inayoridhika kutajiwa namba tu inamhatarisha mteja asiye na kosa lolote.