NAMBA ZA KURASA KATIKA ORODHA ZA MATAWI
(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli katika mkutano wa makatibu wa matawi)



Nimeombwa niseme kidogo habari ya orodha za ada. Wengine watadhani namba ya ukurasa ni kazi ya karani tu. Sivyo. Orodha ndiyo shahidi wa mtu aliyekatwa ada katika mshahara wake. Ukurasa ukipotea, majina yaliyomo yamepotea pia, na mtu aweza kuambiwa kwamba hakulipa.

Siku hizi orodha hutolewa na kompyuta katika faili moja ya PDF, matawi yote pamoja. Tuseme ina kurasa 84, na namba zinakwenda 1 mpaka 84. Tawi la Voi linapewa kurasa 31, 32 na 33. Je, katibu wa Voi atajuaje kama 34 ilikuwa yake au ya Makindu? Hana njia. Lakini karatasi zikiandikwa "Voi, ukurasa 1 wa 4", "2 wa 4", "3 wa 4", ataona mara moja kwamba moja haikufika, naye ataidai siku ile ile. Kweli, kila tawi likianza ukurasa mpya karatasi nyingine zitabaki nusu tupu. Karatasi ni rahisi kuliko ugomvi.

Kuanza tena na 1 tawi linapobadilika si kazi kubwa kwa programu. Taabu ni hiyo "wa 4", kwa maana inapoandika ukurasa wa kwanza haijajua majina yataishia wapi. Ni kama kuandika hesabu ya mabehewa yote juu ya behewa la kwanza, na la mwisho halijafungwa bado. Basi programu nyingine hupitia kazi mara mbili: kwanza hupanga na kuhesabu, kisha huandika jumla. Nyingine huacha nafasi wazi na kuijaza tawi likiisha. JasperReports yaweza kuagizwa hivyo kwa kila kundi.

Tena hapana budi majina yapangwe kwa tawi kwanza. Programu haiijui Voi. Hutazama tu kama neno limebadilika. Ikikuta Voi, kisha Makindu, kisha Voi tena, itatoa "ukurasa 1" mbili za Voi, na kila fungu litajionyesha kuwa kamili. Hata "Voi" na "Voi Stesheni" kwake ni matawi mawili. Mimi naona hili ni baya kuliko kukosa namba kabisa.

Na anayechapa aangalie. Kompyuta huzihesabu kurasa za faili tangu mwanzo. Ukitaka ukurasa wa 2 wa Voi, nawe ukaiagiza mashine ichape 2, utapata karatasi ya tawi jingine. Kwa hiyo ziwekwe namba zote mbili: ya tawi kwa herufi kubwa, na ya faili nzima kwa herufi ndogo chini yake.

Naomba, Bwana Mwenyekiti, jambo hili liandikwe katika barua yetu kwa ofisi kabla orodha za mwezi ujao hazijatolewa.