Hofu ya Kujongea Baada ya Kuwekewa Betri ya Moyo

 

Ndugu zangu Waislamu wa Kibaha na Kisarawe. Ami yangu, mkulima wa mihogo huko Kisarawe, alikuwa akizimia kwa sababu moyo wake ulipiga polepole mno. Akawekewa chini ya ngozi, karibu na mtulinga wa kushoto, kifaa cha kusaidia mapigo, ambacho watu hukiita betri ya moyo. Upasuaji ulikwisha salama. Kilichomtaabisha ni hofu. Miezi miwili alikaa kitini, mkono ameufunga kifuani kwa kanga, akiswali kwa ishara ya kichwa. Bega likakakamaa hata kuvaa kanzu kukawa adhabu.

Hofu hiyo ina asili. Waya wa kifaa hupita ndani ya mshipa hadi moyoni, na ncha yake huhitaji wiki kadhaa ishikamane barabara na nyama ya moyo. Ndiyo maana madaktari huzuia, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, kuinua kiwiko juu ya bega na kubeba au kuvuta vizito: ndoo ya kisimani, jembe, gunia la mkaa. Hawakuzuia kutembea. Wala hawakuzuia kuusogeza mkono taratibu chini ya bega. Bali hilo wanalitaka, kwani bega lisilotumika hukakamaa.

Sasa tuitazame swala. Kuinua mikono katika takbira ni Sunna, si nguzo. Aliyezuiwa atatamka takbira na kuinua kadiri awezavyo. Kuhusu sijida, inayomfanya auegemee mkono huo, amuulize daktari wake, akikatazwa, ataashiria. Lakini kisimamo je? Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Huswain, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ruhusa huanzia pale uwezo unapoishia. Ami yangu miguu yake ilikuwa mizima, na chooni alikwenda mwenyewe! Nilipomwambia hivyo alicheka, kisha akanyamaza.

Nikamsimulia habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki, mwaka 1958. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20, akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86. Leo hatuhitaji kwenda mbali hivyo: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, huviweka.

Mwenye kifaa akiona jeraha linavimba au kutoa usaha, akapata homa, kizunguzungu au kuzimia tena, arudi hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Ami alianza kwa kuzunguka ua wa nyumba baada ya Alasiri. Bega bado linamuuma akivaa kanzu, lakini Ijumaa iliyopita alisimama safu ya pili.