Misitu Kandokando ya Miji: Mpangilio Wake na Mgawanyo wa Manufaa

Mijadala mingi kuhusu misitu na miji huanzia na kuishia kwenye hesabu ya hekta: msitu una ukubwa gani, umepungua kwa kiasi gani, na ni miti mingapi imepandwa kufidia iliyokatwa. Hesabu hiyo ina umuhimu wake, lakini haigusi kiini cha mhadhara huu, kwamba hekta zilezile za msitu zaweza kuwapa wakazi wa mji manufaa mengi, machache, au manufaa yasiyowafikia kabisa wanaoyahitaji, kutegemea umbo la msitu huo, umbali wake kutoka kwenye makazi, mahali ulipo katika mteremko wa maji, na iwapo umeungana na misitu mingine au umebaki peke yake. Sifa hizo nne kwa pamoja ndizo zinazoitwa hapa mpangilio wa misitu. Manufaa yanayokusudiwa ni yale ambayo wanaikolojia huyaita huduma za mfumo wa ikolojia, yaani maji, mbao, kuni, dawa, hewa iliyopozwa, udongo usiomomonyoka, kaboni iliyofungwa ndani ya miti, na pia utulivu wa nafsi ambao binadamu huupata kivulini.

Umbo la msitu ndilo jambo linalopuuzwa zaidi. Pale msitu unapokutana na barabara, shamba au ukuta wa nyumba, jua na upepo hupenya ubavuni, unyevu hupungua, miti mirefu huanguka kwa wepesi zaidi na mimea vamizi hupata njia ya kuingia. Mabadiliko hayo huitwa athari za ukingo. Jaribio lililoanza mwaka 1979 katika msitu wa Amazon karibu na Manaus, nchini Brazili, limeonyesha kwamba baadhi ya athari hizo huishia makumi ya mita kutoka ukingoni, ilhali nyingine hufika mamia ya mita ndani. Ikichukuliwa kwamba zinafika mita 100 tu, msitu wa duara wenye hekta 100 hubakiwa na kiini, yaani sehemu ya ndani isiyoguswa, cha hekta zipatazo 68; ukikatwa kuwa vipande 10 vya duara vya hekta 10 kila kimoja, viini vyake vyote kwa jumla havifiki hekta 20; na ukinyooshwa kuwa ukanda wa kilomita 5 wenye upana wa mita 200, haubakiwi na kiini hata kidogo. Katika daftari la serikali misitu hiyo mitatu ni sawasawa, lakini kwa ndege wa kivuli kizito au kwa mche unaohitaji unyevu ili uote, tofauti yake ni ya uhai na kifo.

Kwa mtazamo huo, utetezi wa Msitu wa Karura jijini Nairobi, ulioongozwa na mwanamazingira Wangari Maathai mwishoni mwa miaka ya 1990, unapaswa kueleweka kwa upana zaidi kuliko kawaida. Karura, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, una takriban hekta 1,000, na viwanja vilivyokuwa vimegawiwa watu binafsi vingekuwa matundu ndani ya mwili wa msitu, kila kimoja na kingo zake, barabara zake na taa zake. Kilichookolewa, basi, ni hekta pamoja na mshikamano wake. Msitu wa Ngong Road, uliotangazwa mwaka huohuo wa 1932 ukiwa na hekta zaidi ya 2,900, haukupata bahati hiyo: umebakiwa na takriban hekta 1,200, tena zilizopasuliwa na barabara kuu ya mchepuko wa kusini.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba msitu mmoja mkubwa ulioshikamana ndio bora kwa kila jambo. Joto la mjini linadai mpangilio mwingine. Miti hupoza hewa kwa kivuli na kwa mvuke unaotoka majanini, na ubaridi huo hausafiri mbali. Vipimo vilivyochukuliwa katika bustani kubwa ya Chapultepec, jijini Mexico, vilionyesha kwamba ulifika takriban kilomita 2, umbali unaokaribia upana wa bustani yenyewe. Mkazi wa nyumba ya mabati aliye kilomita 10 kutoka Karura hapozwi na Karura. Kwa manufaa hayo, miti iliyotawanywa mitaani, viwanjani mwa shule na masokoni hufanya kazi ambayo msitu mkubwa wa pembezoni hauwezi kuifanya.

Kuhusu umbali, mfano ulio wazi kuliko yote ni Dar es Salaam. Utafiti ulioongozwa na Antje Ahrends na kuchapishwa mwaka 2010 ulilinganisha hali ya misitu kuanzia kilomita 10 hadi 220 kutoka jijini, katika miaka ya 1991 na 2005. Ulibaini kwamba uvunaji ulikuwa ukisonga kutoka mjini kwa mawimbi: wimbi la nje, la mbao za thamani, lilisogea kilomita 9 kwa mwaka, na nyuma yake wimbi la mkaa likafuata kwa kilomita 2 kwa mwaka, likimaliza kilichobaki. Kila kilomita ya kwenda mbali na jiji iliambatana na ongezeko la takriban tani 0.2 za kaboni kwa hekta, na aina za miti nazo ziliongezeka. Sababu yake ni ya kiuchumi: gharama ya usafiri huamua ni mali gani ivunwe wapi, na mti usio na mwenyewe wa kuungoja hukatwa mapema. Mchumi wa Kijerumani Johann Heinrich von Thünen, katika kitabu chake cha mwaka 1826, aliuweka msitu wa kuni katika pete ya pili kutoka mjini kwa kuwa kuni ni nzito kusafirisha. Funzo lake bado ni hai. Mji unaopika kwa mkaa na usiotenga mashamba ya miti ya nishati karibu nao, yenye wenyewe wanaofaidika nayo, huwa umeamua, hata bila kutamka, kuuchoma msitu wa asili ulio jirani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyoko ukingoni mwa jiji upande wa Kisarawe, imebeba mzigo huo kwa miongo mingi.

Maji yana kanuni nyingine kabisa, kwani kwayo mteremko una uzito kuliko ukaribu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, linalojazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu kutoka milima ya Nyandarua. Msitu wa milima hiyo ni msitu wa Nairobi kwa haki yote, ingawa haumo katika ramani ya jiji. Dar es Salaam nayo hupokea Mto Msimbazi kutoka vilima vya Pugu, na udongo wa vilima hivyo ukiwa umefunikwa na majani makavu na mizizi, mvua huzama polepole badala ya kuteremka kwa kasi hadi mtaa wa Jangwani ulio bondeni. Msitu hauzuii kila mafuriko, kwa sababu udongo uliokwisha kushiba maji haumezi zaidi. Lakini hekta moja ya miti juu ya bonde haiwezi kufidiwa na hekta moja iliyopandwa chini yake.

Muunganiko nao una bei inayoonekana pale unapokosekana. Mbega walipotakiwa warudi Karura, ilibidi wahamishwe na watu kutoka Kipipiri, upande wa Nyandarua, kwa kuwa hapakuwa na ushoroba, yaani njia ya miti iliyoungana, ambayo wangepita wenyewe. Huko Diani, pwani ya Kenya, madaraja ya kamba yamefungwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari.

Ni dhahiri kwamba hakuna mpangilio mmoja unaokidhi haja zote hizi, na kwa hiyo kuchagua mpangilio ni kuchagua watakaofaidika. Ugawaji wa makazi wa enzi ya ukoloni uliwaweka Wazungu kaskazini na magharibi mwa Nairobi, palipo na misitu hadi leo, na Waafrika mashariki; miongo zaidi ya sita baada ya uhuru, Eastlands, yaani eneo hilo la mashariki, bado haina msitu wa kulingana na Karura. Hiyo ni dhuluma iliyoandikwa ardhini, na haiondolewi kwa kupanda miti mahali ambapo tayari ipo mingi.

Kwa Dar es Salaam, nafasi ya kugawa manufaa kwa haki ingalipo kingoni mwa mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda wa mita 60 kila upande hauna kiini kwa hesabu iliyotolewa hapo juu, na hautamfaa ndege wa msitu mzito. Lakini ukipandwa kufuata Msimbazi, ungepita katikati ya mitaa iliyosongamana, ukaleta kivuli mlangoni mwa watu na kupunguza taka na mchanga unaoingia mtoni. Wanaoishi ndani ya mita hizo ni wengi na wengi wao ni maskini, hivyo fidia na viwanja vya kuhamia vinapaswa kutengewa fedha katika bajeti ileile ya miche, na kutolewa kabla ya mche wa kwanza kupandwa.