Nyumba ya Mzee na Majirani Zake

Kampung Admiralty, jengo la umma nchini Singapore lililotajwa kuwa jengo bora la mwaka 2018 katika Tamasha la Usanifu Majengo Duniani, lina nyumba 104 za wazee. Siri yake, kwa maoni yangu, ni majirani: chini uwanja wa wazi, juu yake migahawa na kliniki, kisha bustani, na kituo cha wazee kimepakana na chekechea. Mzee akishuka kununua chakula au kupima shinikizo la damu, hukutana na watu bila kungoja mwaliko. Shirika la Afya Duniani limekiri kwamba upweke hudhuru afya; basi ramani ya jengo nayo ni sehemu ya tiba.

Wapo watakaosema hayo ni ya matajiri, na kwamba kwetu mzee hukaa na wanawe. Gharama ni kweli. Lakini kujenga baraza mbele ya nyumba, kama zilivyo Lamu na Unguja, hakuhitaji utajiri wa Singapore. Na mzee huyo anayekaa na wanawe, wakishakwenda kazini hushinda peke yake ndani. Naye anastahili mahali pa kufika kwa miguu yake, akae kivulini, azungumze na watu.