Kinu Kinapotimiza Miaka Arobaini



Julai 2024 Afrika Kusini ilitoa uamuzi unaomgusa kila mwenye mita nchini humo. Kituo cha nyuklia cha Koeberg, kilichoko pwani kaskazini ya Cape Town, kina vinu viwili. Leseni ya kinu cha kwanza, kilichoanza kazi mwaka 1984, ilikuwa imefika ukingoni. Baada ya vikao vya maoni ya wananchi, mamlaka ya usalama wa nyuklia iliirefusha hadi 2044.

Je, mtambo ulioandaliwa kwa miaka 40 waweza kutumika 60? Swali ni la haki, ila jibu halimo katika hesabu ya miaka; limo katika vyuma vyenyewe. Jenereta za mvuke, tatu kwa kila kinu, ziling'olewa zikawekwa mpya. Kazi hiyo ilikizima kinu cha kwanza kwa miezi mingi, tena wakati wa mgawo mkali wa umeme. Lakini pipa nene la chuma linalobeba fueli halibadilishwi. Nyutroni huligonga mwaka baada ya mwaka, na chuma huzidi kuwa chepesi kuvunjika. Kwa sababu hiyo vipande vya chuma kama hicho huwekwa ndani ya kinu tangu mwanzo, kisha hutolewa kwa zamu vikapimwe kwa kuvunjwa.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa adui wa pili. Tumeona nondo za nyumba zetu zikiota kutu ndani ya zege, zikafura, plasta ikabanduka. Chumvi hiyohiyo ya bahari imeshambulia majengo ya zege yanayofunika vinu vya Koeberg, na ilibidi yakarabatiwe.

Gharama zote hizi hatimaye hutafuta njia ya kuingia katika bei ya uniti. Kukizima kituo nako kuna gharama: umeme wa kuziba pengo hununuliwa, na kukibomoa huchukua miaka.

Kenya nayo inapanga kituo chake cha kwanza. Ukihudhuria kikao cha maoni, uliza ni sehemu zipi hazitabadilishika, nani atazipima, na kama matokeo yatatangazwa. Uliza pia nani atalipa kazi ikichelewa. Peleka maoni yako kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.