Makubaliano ya Kikundi Kabla ya Mstari wa Kwanza wa Msimbo



Sisi tunaosimamia miradi ya programu vyuoni tunaijua ile wiki ya mwisho wa muhula. Kikundi kinaingia ofisini, wawili macho mekundu kwa kukesha, mmoja hajulikani alipo, na wote wanataka kujua maksi zitagawanywaje. Ni vigumu kuamua kwa haki hapo, kwa kuwa hakuna lililoandikwa. Ninapendekeza makubaliano yaandikwe wiki ya kwanza, kabla hajatokea wa kumnung'unikia mwenzake, na kifungu chake kikuu kihusu ukimya.

Mara nyingi tunadhani aliyepotea ni mvivu. Wengi wao walikwama tu, labda kwenye kuunganisha programu na hifadhidata, wakaona haya kuuliza. Siku zikapita, haya ikageuka hofu, na kurudi kukawa kugumu kuliko kukwama kwenyewe. Basi kikundi kiandike hivi: atakayekwama kwa saa nne atawaarifu wenzake, aeleze alichojaribu, na hakuna atakayemsuta kwa kutojua. Asiyejibu kwa siku mbili atapigiwa simu na mwenzake aliyetajwa kwa jina. Asipopatikana, kazi yake itagawiwa upya na msimamizi ataarifiwa. Umeme hukatika, bando huisha, watu huuguliwa. Zote ni sababu za haki, mradi zisemwe mapema.

Kuchelewa kusema kuna gharama. Frederick Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa mfumo endeshi OS/360 wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na njia za mawasiliano huzidi: watu watatu wana njia 3, watano wana 10, wanane wana 28. Kwa hiyo kumkabidhi mtu kazi ya aliyetoweka zikiwa zimebaki siku chache hakuokoi kitu.

Njia hizo kumi za watu watano zinahitaji mahali pamoja pa kuwekea maamuzi. Kundi la WhatsApp linafaa kwa kuitana, lakini uamuzi wa saa sita usiku hufukiwa na salamu za asubuhi. Uandikwe kwenye faili linalokaa pamoja na msimbo, pamoja na tarehe.

Kisha kuna neno "nimemaliza". Kwa mmoja maana yake ni kwamba programu inafanya kazi kwenye laptopu yake. Kwa mwingine, kwamba amebakiza kurasa mbili. Wanaofuata mbinu ya Scrum hulazimika kuandika maana ya kazi iliyokamilika, na wanafunzi wetu wafanye hivyo: imepitiwa na mwenzake, majaribio yamepita, imeingia kwenye tawi kuu, na mtu wa pili ameiendesha kwenye mashine yake. Sharti hilo la mwisho ndilo ambalo vikundi hulikwepa, na ndilo linaloumbua makosa mengi siku ya kuonyesha kazi.

Kuhusu maksi ninasihi tahadhari. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huweka kumbukumbu ya nani aliingiza nini na lini, nasi hushawishika kuhesabu mistari. Hesabu hiyo humdhulumu aliyefuta mistari mia tatu isiyohitajika, na aliyekwenda kuzungumza na watumiaji. Humdhulumu zaidi asiye na laptopu, anayekaa kando ya mwenzake wakifikiri pamoja huku jina moja tu likiingia. Makubaliano yaseme kwamba wanaofanya kazi kwenye mashine moja wataandika majina yote mawili katika ujumbe wa kila badiliko.

Ukurasa mmoja unatosha, na wote wausaini. Sisi wasimamizi tuutengee maksi chache ili usiandikwe kwa kuturidhisha tu, na wiki ya nne kikundi kiusome tena mbele yetu. Kifungu kisichofuatwa kirekebishwe au kifutwe, na sababu iandikwe chini yake.