Tazama Ndani Kabla ya Mvua

Ndugu msikilizaji wa Newala, wa Masasi, nawe uliye Kitangari au Ndanda,

Korosho zimeanza kufika maghalani, minada imefunguliwa, na joto hili linatuambia mvua haiko mbali. Kabla haijapiga bati, naomba tuzungumze habari ya mashimo mawili yaliyomo uani mwako: lile unalochota maji ya kunywa, na lile linalopokea ya chooni.

Juu ya uwanda wa Makonde maji yamekuwa taabu tangu zamani. Mchanga wetu unaimeza mvua na kuishusha chini kabisa, halafu maji yanachomoza mabondeni, chini ya magenge. Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, ukatazama kule chini, unajua mara moja bibi zetu walipanda na nini kichwani. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alikaa huku akaandika simulizi la wazee: mtu wa kwanza na mkewe walishuka Ruvuma, mtoto akazaliwa amekufa. Wakahamia Mbwemkuru, ikawa vilevile. Waliporudi juu, kwenye pori la Mahuta, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo wakausia wajukuu wajenge juu, wasikae mabondeni penye maji, kwa kuwa huko kuna maradhi. Wosia huo ulilipiwa na shingo za wanawake, miaka na miaka.

Siku hizi maji ya chanzo cha Mitema yanasukumwa kwa pampu hadi juu, na Masasi inakunywa ya chanzo cha Mbwinji. Lakini bomba halijafika kila mlango, na lilipofika halitoi kila siku. Kwa hiyo, fedha ya korosho ikiingia, mtu anaezeka bati, anachimba kisima cha saruji, anafunga mifereji, anavuna mvua. Nampongeza. Bati la mita 8 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 20 tu, linakaribia kukupa lita 1,600. Hizo ni ndoo 80 ambazo hakuna binti aliyezitembelea.

Sasa nakuuliza. Mamlaka ya maji ina mtu wa kuosha tenki, ina mtu wa kupima maji, ina mtu wa kutia dawa. Kisima cha uani kina nani? Kina wewe. Siku fundi alipopiga lipu ya mwisho na kuondoka, kazi zote hizo zilikuangukia, hata kama hakuna aliyekuambia.

Anza juu, kwenye bati. Tangu kiangazi kilipoingia tumepuliza salfa kwenye mikorosho, na wengine wamepuliza dawa za maji. Vumbi lile halibaki shambani, linapaa na kutua juu ya nyumba. Hapo hapo kuna kinyesi cha njiwa na cha mijusi, majani makavu, na vumbi la barabara la miezi sita. Mvua ya kwanza inaosha vyote hivyo, na kama bomba la mfereji limeelekea kisimani, umejichotea uchafu wa kiangazi kizima kwa mkono wako. Najua inauma kumwaga maji baada ya kununua ndoo tangu Agosti. Hata hivyo, mvua ya kwanza geuza bomba, maji yaende kwenye migomba. Na mvua ya pili, kama ya kwanza ilikuwa ya manyunyu tu. Mdomo wa bomba funga wavu wa mbu. Mfuniko wa kisima uwe mzito, ubane, na uwe na kufuli, kwa ajili ya mbu na panya, na zaidi kwa ajili ya watoto. Ndoo ya kuchotea iwe moja, isitoke hapo kwenda bafuni.

Ya kunywa chemsha, au tia kidonge cha klorini kama pakiti inavyoelekeza, kisha usubiri nusu saa. Weupe wa maji hauna ushahidi wowote. Kipindupindu hakina rangi.

Twende kwenye shimo la pili. Wenzetu wa Masasi, mnaokaa kati ya vile vilima vya mawe, kwenu hatari ni tofauti na ya Newala. Nyinyi mna visima vya kuchimba, na chini yenu kuna mwamba wenye nyufa. Mchanga huchuja angalau kidogo, lakini ufa wa mwamba ni mfereji: kilichotoka chooni kwa jirani kinaweza kufika kisimani kwako kikiwa hai. Ndiyo maana wataalamu wa afya wanataka angalau mita 30 kati ya choo na kisima, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Kiwanja kikiwa kidogo, zungumza na jirani kabla hajachimba, maana akishajenga mtabaki na ugomvi. Huku Newala, kisima cha saruji chenye ufa kikikaa karibu na karo la choo, maji machafu yanayosambaa mchangani hupenya ndani, hasa kisima kikiwa kitupu.

Karo nalo lina kazi moja tu, kutuliza tope chini ili maji yaende shimo la kufyonza. Tope likifika theluthi ya kina, ita gari la majitaka. Ukichelewa, tope linaziba shimo la kufyonza, na hapo itakubidi uchimbe jipya.

Lipo jambo moja ambalo ningependa ulisikie hata kama mengine yamekupita. Usiingie kwenye shimo la choo wala karo. Si kwa kutoa simu iliyodondoka, si kwa kuzibua. Mle ndani kuna hewa yenye sumu, ile inayonuka kama yai viza. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, ukadhani imekwisha. Mtu anaanguka bila hata kupiga kelele. Kaka yake anamwona, anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Anafuata jirani. Ndivyo vifo hivi vinavyotokea, wawili, watatu, wa familia moja, na waliofuata wote waliingia kwa upendo. Mtu akianguka, usimfuate. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, uwaite watu, na uwazuie wasiingie.

Kisima cha maji pia, usikiingie peke yako. Kama lazima kioshwe, kiache wazi muda mrefu, anayeingia afungwe kamba, na juu wawepo watu wawili wenye nguvu za kumvuta. Pampu ya petroli isishushwe ndani hata dakika moja, moshi wake unaua. Wala usijiamini kwa sababu koroboi imewaka huko chini. Koroboi haijui sumu, na kwenye karo inaweza kulipua.

Waliozaliwa zamani wanakumbuka mwaka 1973, redio ilipowakusanya watu wazima karibu milioni 2 katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, wakasikiliza pamoja, wakatoka wakachimba vyoo. Leo sikuombi uchimbe. Naomba utazame. Mchana huu, jua likiwa kali, chukua kioo cha kujitazamia, funua kisima, simama kando, umulike jua hadi chini. Utaona ufa kama upo, utaona tope, utaona kama kuna kilichofia mle. Kiangazi hiki maji ya kisima yako chini, kila kitu kinaonekana. Mvua ikishajaza, hutaona tena hadi mwakani.